Udongo Mweupe kwenye Goti la Osée

Jumapili, misa ilipokwisha, uani kwa Mama Émérence palijaa watu kabla hajavua hata kilemba cha kwaya. Walikuja na viti vyao wenyewe. Kabedi, muuza nyanya wa nyumba ya pili, alikuja na sahani yake pia, maana alijua kwamba kwenye bukari, ugali wa watu wengi, anayekuja mikono mitupu hula mwisho. Mtaa ule wa Kikula, mjini Likasi, ulikwisha zoea. Malakiti, timu yao ya mpira, ikicheza Jumamosi, maneno yake yote yanamalizikia Jumapili kwa Mama Émérence. Na tangu msimu uanze, Malakiti ilikuwa haijafungwa na mtu.

"Hata kutoka sare haijatoka!" alisema Papa Magloire, mwenyekiti wa mashabiki. Aliendesha malori ya shaba miaka mingi, na hata baada ya kustaafu aliongea kama mtu anayeshindana na injini. "Mwaka jana saa hii tulikuwa tunatafuta nani yuko chini yetu. Leo bantu ba Lubumbashi banatutafuta sisi!"

"Mwaka jana pia ulianza kupiga kelele mapema, Papa Magloire," Kabedi alimjibu. "Kisha mvua ikanyesha, timu ikashika kutu."

"Mwaka jana hatukuwa na Osée."

"Osée iko peke yake? Na Cyrille? Na Ricky golini?"

"Cyrille!" Magloire aliguna. "Cyrille anapiga mpira kama muntu anafukuza kuku. Osée ana mguu wa kushoto ule, Mungu aliukata kwa kisu. Muliona bao la jana? Beki bado anamutafuta. Jana njo ameenda kulala bila kumuona."

Watu wakacheka, na mmoja akaanza kupiga sufuria kwa kijiko, na uani kote wakaitikia wimbo mpya uliozaliwa jana yake:

"Usiniletee goti! Niletee bao!"

Mama Émérence alikuwa ameinama kwenye moto, akisonga. Mwiko ulisimama mkononi mwake, kisha ukaendelea.

"Mama Mapasa!" Magloire akamwita. "Inuka watu wakuone. Timu hii ina makocha wawili, mmoja wa miguu na mmoja wa matusi. Tutukane kidogo, tule vizuri!"

"Kuleni kwanza," alisema. "Matusi yangu hayana chumvi leo."

Wakacheka hata kwa hilo. Walikuwa tayari kucheka kwa lolote.

Mama Émérence alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye diploma ukutani na sauti ya kufika dawati la nyuma. Lakini mtaani hakuitwa mwalimu. Aliitwa Mama Mapasa, kwa sababu ya Joëlle na Fidélie, mabinti zake aliowazaa kwa mimba moja. Katika nchi yao, mwanamke aliyezaa mapasa hupewa ruhusa ambayo wengine hawana. Anaweza kumtukana mtu yeyote, mkubwa au mdogo, na hakuna wa kukasirika, kwa sababu tusi lake ni baraka. Anapokupaka pemba, ule udongo mweupe, huku akikutukana wewe na ukoo wako, unanyamaza, unashukuru, unakwenda zako ukiwa na nguvu. Padri alijua jambo hilo. Siku za mechi alipita njia nyingine.

Yeye mwenyewe hakuamini kwamba udongo unafunga mabao. Mwanzoni mwa msimu Kabedi alimvuta hadi lango la uwanja na bakuli la pemba, kwa mzaha, akawatukana wachezaji mmoja mmoja wakiingia. Malakiti ikashinda. Mechi iliyofuata wachezaji wenyewe walipanga mstari wakamsubiri. Tangu hapo sheria zikaota kama majani baada ya mvua, bila mtu kuzipanda. Anayepakwa pemba hajibu. Asiyepakwa haingii. Neno lililosemwa na pemba mkononi halirudishwi. Mashabiki walizijua kuliko amri za Mungu, na Mama Émérence aliziacha ziote. Aseme kweli, alizipenda. Wiki nzima alikuwa akisahihisha hesabu za watoto wa watu, na Jumamosi uwanja mzima ulisubiri afungue kinywa.

Jana ndipo lilipotokea.

Ngoma ilikuwa imepamba moto, yeye yuko katikati ya wimbo, na zamu ikamfikia Osée. Kijana mwembamba wa Kapolowe, mtoto wa wakulima, mpole mpaka wenzake walimwita Sista. Aliinama kupakwa, akasema karibu na sikio lake, "Mama, ngoja kidogo. Hili goti la kushoto, tangu mazoezi ya Alhamisi…"

Alimsikia. Hilo ndilo lililokuwa likimkaba tangu jana, kwamba alimsikia vizuri sana. Lakini mamia ya watu walikuwa wakimtazama, na tusi lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi.

"Goti!" alipaza sauti. "Musikie huyu! Mama yako alizaa miguu au alizaa nyanya za Kabedi zilizobaki jioni? Usiniletee goti! Niletee bao!"

Watu walilipuka. Naye akachota pemba, akampiga kofi nayo pale pale kwenye goti, juu ya kitambaa alichojifunga, na kiganja chake kikakutana na joto. Lilikuwa la moto kama tumbo la sufuria. Mkono ulijua. Mama aliyelea watoto wenye homa hahitaji kipimo. Lakini Osée hakujibu, kwa sababu anayepakwa pemba hajibu, na yeye akamgeukia mchezaji aliyefuata.

Osée akaingia, akacheza, akaleta bao.

Na sasa hakuwepo uani. Kila Jumapili alikuwa wa kwanza kufika, akikaa karibu na jiko kama mtoto wa nyumbani.

"Osée yuko wapi?" aliuliza, akigawa mboga.

"Nyota inapumzika," alisema Magloire, mdomo umejaa. "Mwache. Jumamosi inayokuja ni bale ba Lubumbashi."

Mama Émérence alifunika sahani moja kwa sahani nyingine, akaifunga kwa kitambaa, akatoka bila kuaga.

Osée alikodi chumba nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, si mbali. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, maana mvua za kwanza zilikuwa bado zinavutana na vumbi. Alimkuta amelala kwenye godoro, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya mfuko wa unga, kitambaa kilicholowa maji kimewekwa juu yake.

"Mama Mapasa! Karibu. Usiangalie huku."

Aliinua kitambaa. Goti lilikuwa limevimba na kung'aa, na mfupa wake haukuonekana tena uko wapi.

"Alhamisi lilikuwa hivi?"

"Alhamisi lilikuwa dogo. Nilikanyaga vibaya, likalia ndani. Jana usiku njo limekuwa kubwa." Alijivuta akae. "Nilitaka kukuambia pale langoni."

"Uliniambia."

"Ndiyo. Na weye ukajibu." Akacheka, na hapakuwa na kijembe katika kicheko chake. Mama Émérence alikitafuta, hakukiona, na ingekuwa afadhali angekiona. "Ulijibu vizuri, Mama! Ulipopiga pemba, maumivu yakatoka. Ricky alinipa vidonge pia, lakini vidonge nilimeza zamani na havikufanya kitu. Ni pemba. Lile bao ni lako."

"Osée, sikiliza. Kesho unaenda kwa kocha. Unamwonyesha mguu huu."

"Hapana, Mama."

"Hapana ya nini?"

"Neno la pemba halirudishwi. Weye njo ulisema, usiniletee goti. Sasa nikileta goti, na timu ikifungwa, bantu banasema nini? Osée amevunja pemba." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumba. "Na kaka yangu iko Kambove, Mama. Anachimba. Anaingia ndani ya shimo na taa kichwani, hajui kama atatoka. Mguu huu njo umenitoa mule. Siwezi kuanza kuulalamikia."

"Minye nilikutukana tu. Nilitaka watu wacheke. Ni mchezo."

Osée alimtazama jinsi watoto wa darasa la kwanza wanavyomtazama mwalimu aliyesahau majina yao.

"Usiseme vile, Mama. Usiseme vile kabisa."

Akaiacha sahani karibu na godoro, akaondoka. Njiani watoto walikuwa wakipiga mpira wa matambara, na kila aliyekosa wenzake walimwimbia wimbo ule, wimbo wake.

Wiki hiyo ulimfuata kila mahali. Asubuhi ya Jumatatu alimwita mwanafunzi ubaoni, mtoto akasema ana maumivu ya kichwa, na darasa zima likaitikia, "Usiniletee kichwa! Niletee jibu!" Alipiga meza kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika, na watoto hawakuelewa kosa lao ni nini. Waendesha pikipiki waliuimba sokoni. Wanaume waliotoka zamu kiwandani Shituru, nguo zao zikinuka asidi, walimpungia mkono: "Mama Mapasa! Goti!" Mji mzima ulikuwa na furaha. Watu waliokuwa hawasalimiani walisimama njiani kupanga nani atacheza wapi, na nani atalia Jumamosi, na kama kweli mwaka huu Likasi itawafundisha Lubumbashi adabu. Yeye aliitikia na kutabasamu, na tabasamu lilimkaa usoni kama kiatu cha kuazima.

Jumanne alimwendea Magloire. Alimweleza yote, hata joto la kiganjani.

Mzee aliteremsha sauti, jambo ambalo hakuwahi kulisikia kwake.

"Mama, Jumamosi tu. Ipite Jumamosi. Kisha mutoto apumzike, hata mwezi."

"Na mguu ukikatika Jumamosi?"

"Yee! Usiseme!" Aliziba masikio kweli kweli. "Weye mama mapasa, kinywa chako kinasikika kule juu. Unataka kumulaani?"

Basi hata hofu yake ilikuwa imegeuka laana. Akaenda uwanja wa mazoezi. Kocha Adrien alimpokea kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita Osée aliyekuwa akikimbia na wenzake. Kijana alikuja mbio. Alikuwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi, ingawa jua lilichoma.

"Mama anasema goti yako iko mubaya."

"Haina kitu, kocha." Akaruka mara kadhaa papo hapo, kuonyesha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na hakumtazama Mama Émérence hata mara moja.

"Umeona?" alisema Adrien. "Minye siwezi kumutoa muntu anaruka. Mama, tunakushukuru. Lakini weye kazi yako ni pemba, na minye kazi yangu ni mpira."

Alirudi nyumbani amekasirika, na hakuweza hata kuchagua wa kumkasirikia. Joëlle alikuwa akipiga pasi. Kati ya mapasa wawili, Fidélie ndiye aliyeimba, Joëlle ndiye aliyeuliza.

"Mama, weye unaamini pemba?"

"Hapana. Unajua."

"Kocha anaamini?"

"Adrien? Anaamini miguu."

"Osée?"

"Sana."

Joëlle aligeuza shati, akaendelea na mkono wa pili. "Basi kwa kocha ulienda kufanya nini?"

Mama Émérence alitoka. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa kweli, na hakuipenda. Alitaka kuutoa mzigo huu kwa njia ya watu wenye diploma: kumpasha habari mhusika, kumwachia mwenye madaraka. Lakini hakuwa amemtwika Osée kwa njia hiyo.

Jumamosi, barabara ya uwanjani haikupitika. Mabasi madogo yalitoka Kambove na Kapolowe, watu wamekaa mpaka juu. Langoni ngoma ilikuwa imeanza, na Kabedi alikuwa amemshikia bakuli la pemba kichwani kama taji.

Wachezaji wakapanga mstari. Mama Émérence akaanza, na hakuwapunguzia.

"Ricky! Golikipa mwenye mikono kama miiko! Leo ukiachia mpira upite, utaenda kulala na mbuzi, na mbuzi watakufukuza!"

"Cyrille! Mutoto wa muntu asiyejua kufunga hata mlango! Kukuona tu, goli linapata usingizi!"

Watu walikuwa wakilia kwa kicheko. Kila mmoja alipakwa kwenye paji la uso na kwenye mguu, akapita. Kisha Osée akafika, amevaa soksi iliyovutwa mpaka juu ya goti, mguu wa kushoto ametanguliza, uso umefunguka kwa imani. Umati ukaanza wimbo kabla hata hajainama.

Mama Émérence alichukua bakuli kutoka kwa Kabedi, akalifunika kwa kitambaa.

Wimbo ulikufa taratibu, kwanza mbele, kisha nyuma.

"Mama, umenisahau," alisema Osée.

"Sikukusahau."

"Mama Émérence," Magloire alisogea, akijaribu kucheka. "Mpake mutoto, muamuzi anangoja."

"Simpaki." Hakutukana, hakupaza sauti, na kwa hiyo walisogea ili wamsikie. "Jumamosi iliyopita huyu mutoto aliniambia goti linauma. Alikuja kwangu kwanza. Nilimusikia. Nikaligusa, lilikuwa la moto. Nikamutukana ili mucheke, na mulicheka. Mulifikiri ninampaka goti. Minye nilimuziba kinywa. Wiki nzima hajaweza kusema."

"Neno la pemba halirudishwi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Ninalirudisha. Nani alizaa mapasa hapa, weye au minye?"

Hakuna aliyecheka. Akapiga magoti kwenye vumbi, akavuta soksi ya Osée chini. Kulikuwa na bandeji juu ya bandeji. Akachukua ncha ya kitenge chake akapangusa goti, kama anayefuta ubaoni neno la Jumamosi iliyopita, na hakubonyeza kwa nguvu, lakini Osée alitoa sauti ambayo hakuna aliyekuwa langoni ambaye hakuisikia, akamshika bega asianguke.

Kocha Adrien alipita katikati ya watu. Aliinama, akatazama, akanyanyuka.

"Cyrille, utacheza kushoto," alisema, akaenda zake ndani.

Hata kama angetaka kumchezesha Osée asingeweza. Asiyepakwa haingii. Mashabiki wenyewe wangemtoa.

Osée alibaki amesimama kwa mguu mmoja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umeniua, Mama," alisema. "Ulinituma, nikaenda. Sasa umeniua mbele ya bantu."

Akachechemea mpaka kwenye benchi la akiba, peke yake, akikataa kila mkono.

Malakiti ilifungwa. Walicheza vizuri, walikimbia, na karibu na mwisho Cyrille alipata mpira ule ule, mahali pale pale, ambapo mguu wa kushoto wa Osée usingeuliza mara mbili. Akaupiga juu, ukaenda kuangukia kwa wauza karanga. Dakika chache baadaye bale ba Lubumbashi wakafunga. Uwanja ulitoa pumzi kama tairi.

Pale alipokaa Mama Émérence, benchi lilikuwa limebaki tupu upande wa kulia na upande wa kushoto. Hakuna aliyemtukana. Yeye ndiye mwenye matusi, wao walikuwa na migongo tu. Mwishoni Kabedi alikuja na kapu lake, akajibwaga karibu naye.

"Nimekuja kukaa," alisema. "Sijaja kuongea."

Jumapili alipika bukari ya watu wengi kwa mazoea, na ilipoiva ndipo alipoona uani hapana hata kiti kimoja. Walikuwa na viti vyao, na viti vyao vilibaki kwao. Kutoka kwa Magloire ilisikika sauti ya mabishano: kama timu ingeshinda na Osée, kama pemba imeharibika, kama msimu bado uko hai. "Bado!" Magloire alipiga kelele. "Mechi moja haiui muntu!" Hakusikia mtu akitaja jina lake. Arsène, mume wake, alitoka zamu, akala, akatazama sufuria, akatazama ua, akasema tu, "Tutakula mpaka Jumatano."

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akaenda kumchukua Osée. Alitegemea mlango uliofungwa. Ulikuwa wazi, na kijana alikuwa amekwisha vaa.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la ukuta, kati ya akina mama wenye watoto. Daktari alikuwa kijana pia, mwenye haraka. Alilipinda goti, akalivuta, akatazama picha kwenye mwanga wa dirisha. Alisema kano imechanika, si yote. Ingechezewa mara nyingine ingekatika, na hapo asingekuwa na la kuahidi. Sasa kuna tumaini: kupumzika kwa muda mrefu, mazoezi polepole. Kurudi kama zamani, labda ndiyo, labda hapana.

Mama Émérence alianza kuvuta pumzi.

"Lakini kwa nini mulichelewa?" daktari aliuliza, akiandika. "Siku ile ya kwanza lilikuwa jambo dogo. Angelala wiki mbili, angerudi uwanjani. Ile mechi aliyocheza na maumivu njo imeichana kano."

Chumba kilikuwa kidogo, na maneno hayo hayakuwa na mahali pa kwenda. Osée alitazama sakafu. Angeweza kusema. Ilitosha aseme neno moja, jina moja. Alisema, "Nilikuwa na mechi, Daktari," basi.

Walitoka kwenye korido. Osée alikaa kwenye benchi avae viatu, maana alikuwa amevivua kwa ajili ya picha. Mguu wa kulia aliuvisha kiatu. Wa kushoto akautazama, umefungwa bandeji ngumu kutoka paja mpaka kifundoni.

"Mama."

"Ndiyo."

"Nitukane kidogo."

Alimgeukia. Alidhani anamdhihaki, lakini uso wake ulikuwa ule ule wa langoni, uso wa mtu anayesubiri kupewa kitu. Mama Émérence akafungua kinywa. Alitafuta kwenye nyanya, kwenye mbuzi, kwenye ukoo wa Kapolowe wote, kuku wao, majembe yao. Alikuwa amewatukana wachezaji, waamuzi, hata diwani mmoja, na hakuwahi kukosa. Sasa ulimi ulilala tu.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Leo siwezi."

Osée alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo nalo ni jibu la daktari. Kisha akanyoosha mguu wa kushoto.

"Basi nifungie kiatu. Sifiki."

Akapiga magoti sakafuni. Akina mama wa kwenye benchi walimtambua, wakanong'onezana: Mama Mapasa, chini, mbele ya mtoto. Aliingiza kiatu polepole, akavuta kamba, akafunga fundo, akalifungua kwa sababu lilikaza mno, akafunga tena. Alipokuwa anainuka alijishika kwenye goti la kijana bila kutaka, juu ya bandeji.

Lilikuwa bado la moto.